Sindano Isiyoshuka

Siku ya tatu sindano ya geji, kipimo cha mtungi wa oksijeni, ilikuwa haijashuka hata kidogo, na mzee alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Iko palepale."

Mkewe alikuwa ameegemea mito mitatu, mrija wa oksijeni puani. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Daktari alishasema kilichobaki ni kumpunguzia taabu tu. Wala yeye hakuomba kupona. Aliomba afike Jumamosi, siku ambayo binti yao, aliyekuwa ughaibuni miaka tisa, angeshuka ndege. Mtungi mwingine usingepatikana mpaka Jumapili.

Muuguzi aliyeuleta huu uliopo, Jumatatu, alikuwa na haraka. Alisema neno moja mlangoni: "Muwe mnaangalia sindano." Mzee akacheka chinichini. Miaka ishirini na saba alikuwa akijaza mitungi ya gesi ya soda kiwandani, leo aje afundishwe kusoma geji!

Muuguzi alipoondoka, mzee alifungua koki, akachukua bahasha ya dawa na kuchora nyuma yake ule mchoro uliobandikwa ukutani kazini kwao.

"Joto linakwenda kulia, mgandamizo unapanda juu. Huku yabisi, hapa kimiminika, kule gesi. Mistari ndiyo mipaka. Sasa mtungi unakaa hapa, juu ya mstari wenyewe: chini kimiminika, juu gesi. Ukivuta gesi, kimiminika kinachemka, kinaziba pengo. Sindano inatulia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tone la mwisho. Likiisha, inaanguka ghafla, bila hodi."

"Kwa hiyo hatujui kimebaki kiasi gani."

"Labda tuupime kwenye mizani. Na mizani iko kiwandani."

Mkewe aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Miaka yote hii nilidhani nimeolewa na mtia mapovu kwenye soda, kumbe profesa." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Tangu hapo hali ilizidi kuwa mbaya. Midomo ilimbadilika rangi, na maneno alianza kuyakata katikati. Mzee alipouliza kama aongeze hewa, alijibiwa, "Iko sawa. Nenda zako nje, unanizibia dirisha." Mara mbili aliporudi chumbani alimkuta akivuta mkono kutoka upande wa ukutani, ulikokuwa mtungi. Alidhani anatafuta ubaridi wa chuma.

Ijumaa mkewe hakuweza kumaliza hata jina la binti yao. Mzee aliitazama sindano, akamshukuru Mungu kwamba angalau hewa ipo.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikata roho, kiganja chake mkononi mwa mumewe.

Binti alifika saa nne, mkoba ungali begani. Aliona shuka lilivyomfunika mama yake mpaka usoni, akakaa sakafuni. Tofauti ya saa mbili tu, mzee alirudia moyoni, saa mbili tu.

Adhuhuri muuguzi alikuja kutoa pole na kuchukua mtungi. Aliinama, akaitazama geji, akashika koki.

"Mzee, mbona hamkuutumia?"

"Tumeutumia siku tano!" Mzee alimnyooshea bahasha. "Sindano haishuki mpaka kimiminika kiishe. Soma hapa."

Muuguzi aliusoma mchoro wote, na alipojibu alijibu taratibu.

"Huu ni wa gesi yenu ya soda, mzee wangu. Kila gesi ina mchoro wake. Oksijeni katika joto la chumbani haiwi kimiminika hata uibane vipi. Humu ni gesi tupu. Ikivutwa, sindano inashuka siku hiyohiyo. Na hii koki imefungwa."

"Niliifungua mwenyewe!"

Binti aliinua uso kutoka kitandani kwa mama yake.

"Baba, Jumatano alinipigia simu. Alisema umemwambia hewa itakatika bila taarifa, kwa hiyo ananiwekea mimi, nikija tuongee mpaka nichoke." Alijifuta macho. "Nilidhani ananitania. Nikacheka."