Vikundi vya Nchi ya Nyati

Paliondokea Nyati mmoja, mtawala wa nchi ya mabondeni, aliyewaonea aibu watu wake. Nchi ilijaa vikundi visivyolipwa na yeyote. Fuko walichimba visima, korongo waliuguza wagonjwa, na hata vyura walikuwa na kwaya ya kuwaliwaza wafiwa. Nyati aliona ni vurugu tupu. Siku alipokuja Twiga, mjumbe wa nchi jirani, Nyati aliamuru vikundi vyote vijifiche, ili mgeni aone ikulu tu.

Wakiwa njiani pamoja kwenda ikulu, Twiga aliteleza, akatumbukia shimoni. Nyati akawaita askari wake, nao wakauliza barua ya amri iko wapi. Kabla hajawajibu, fuko walikwisha kuchimba njia ya kumtolea mgeni. Korongo wakamfunga mguu kwa majani, vyura wakamwimbia mpaka akaacha kutetemeka.

"Nani amewatuma?" Nyati aliuliza.

"Hakuna, mzee," fuko mmoja akajibu, huku akijipangusa udongo. "Tumesikia mgeni analia."

Twiga akamgeukia mwenyeji wake. "Kwetu ningelala humo mpaka baraza likutane. Unavyo vikundi vingapi vya namna hii?"

Nyati akatafuta idadi kichwani, asiipate. Kifua kikamjaa fahari.

"Vingi mno," akasema. "Ikulu itasubiri. Ukiweza kutembea, twende nikakuonyeshe."

Wakazunguka mabondeni siku tatu, Twiga akichechemea. Mgeni ndiye aliyeomba wapumzike, maana Nyati hakuchoka kuvitaja vikundi vyake kimoja kimoja, kwa majina.