Laiki Nne

Mwalimu Ghaniya alikuwa na wanafunzi laki tatu, kuanzia Maskati hadi Amman, na wote aliwafundisha hesabu mtandaoni, kutoka chumba chake cha kushonea. Swali lililopata laiki elfu moja, yaani kupendwa na wanafunzi elfu, lilimfikia, akalijibu hewani. Lililokosa laiki halikumfikia, na mwanafunzi aliyefundishwa pembeni, nje ya kipindi, alifutiwa mwaka mzima wa masomo.

Alasiri moja, kati ya vipindi viwili, alipanga kahawa na tende kwenye sinia akampelekea binti yake. Azza alikuwa amejikunyata kitandani, macho mekundu, simu mkononi.

"Una nini, mwanangu?"

"Nimemuuliza mwalimu swali, hajanijibu. Leo siku ya tisa."

"Mwalimu yupi?"

Azza alimgeuzia simu. "Wewe, mama."

Ghaniya aliweka sinia chini. "Basi niulize. Tuko wawili tu humu."

"Mama, tafadhali. Utanifutishia mwaka."

Ghaniya alirudi kwenye chumba cha kushonea, akaupekua ukurasa wake mwenyewe, chini, chini zaidi, mpaka akalikuta swali la Azza. Lilikuwa swali dogo la kugawa sehemu, la kujibiwa kabla kahawa haijapoa. Lilikuwa na laiki nne. Aliongeza yake, zikawa tano.

Taa ya kamera iliwaka. Ghaniya aliutengeneza mtandio wake, akatabasamu.

"Karibuni, wanangu."

Kutoka kwenye simu ya Azza, chumba cha pili, sauti yake mwenyewe ilimrudia, imechelewa kidogo: karibuni, wanangu.