Mpini wa Kushoto

Mchoro ambao wakili alimsogezea Dorcas ulikuwa wa mashine yake mwenyewe, ile ya kuchekecha mchanga kwenye dagaa. Penye nafasi ya mvumbuzi paliandikwa jina la wakili.

"Mzee, hii ni yangu," alisema Dorcas. "Nimetoka Igogo nikuombe uniandikishie hataza, hati ya kulinda uvumbuzi wangu."

"Ilikuwa yako." Wakili alikuwa mzee wa kanisa, na sauti yake ilikuwa ileile anayosomea matangazo kila Jumapili. "Sikukuu ya mavuno uliitoa sadaka. Ikapigwa mnada pale uwanjani pamoja na kuku na ndizi, nikainunua mbele ya usharika mzima. Wewe mwenyewe ulipiga makofi."

Ni kweli alipiga. Alifurahi kuona imekwenda kwa mtu wa sheria.

"Nilitoa mashine, mzee. Akili yangu sikuitoa."

"Siku ile hukusema hivyo." Wakili akaweka kidole juu ya mchoro. "Ila kuna jambo linanisumbua. Watu wa ofisi ya hataza wataniuliza kwa nini mpini uko kushoto."

Dorcas akaweka mkono wa kulia mezani. Ulikuwa na vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Vingine vilikatwa na mashine ya kwanza aliyoijaribu.

Wakili aliutazama mkono ule. Kisha akachukua kalamu, akaandika polepole huku akitamka: "Mpini umewekwa kushoto ili kuwafaa wenye ulemavu wa mkono wa kulia."

"Ubarikiwe, mama," akasema, akafunga jalada.