Kona kwa Kona

Mpimaji ardhi alimwambia Bi Mwanahija kwamba kiwanja chake ni mraba, kwa hiyo kaburi la mumewe liko kwa jirani na litahamishwa. Bi Mwanahija, mwalimu mstaafu wa hisabati, akaomba majiranukta ya kona nne, yaani namba zinazoonyesha kila kona ilipo. Akachuchumaa, akakokotoa umbali mchangani kwa kijiti. Kila upande ulitoka mita ishirini na tano.

“Si nilikuambia, mama? Mraba.”

“Subiri, mwanangu. Bado kona kwa kona.”

Mshazari mmoja ulitoka thelathini, wa pili arobaini.

“Ingekuwa mraba, hii miwili ingelingana. Hii ni rombasi, imeinama upande. Kaburi limo ndani.”

Mpimaji alirudia hesabu kwenye simu yake. Kisha akaenda kung'oa kigingi cha mpaka alichokipigilia kimakosa, na Bi Mwanahija akaketi kando ya mumewe.