Waranti ya Pikapu ya Parokia

Jumamosi ile Raimundi alikuwa wa nne kwenye foleni ya kuungama, na waumini wote wakageuka kumtazama. Dereva wa parokia, mtu wa kuungama Noeli na Pasaka, tena kwa kusukumwa na mkewe, leo kafuata nini mwezi wa nane?

Alifuata mdomo wa Padri Amedeus. Alitaka kuufunga.

Pikapu ya parokia, mpya, yenye waranti ya miaka mitatu, ilikuwa imekufa injini njia ya Mlimba na kurudishwa Ifakara ikivutwa na trekta mchana kweupe. Kampuni iliyoiuza ilikubali kuweka injini nyingine bure, mradi isionekane kuna mtu aliyechezea kompyuta ya injini ili kuiongezea nguvu. Ikionekana, waranti basi. Na Mama Balbina, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, mwanamke ambaye hata mbwa wa parokia wanamwogopa, alishatangaza: "Aliyeigusa hatashika usukani wa gari hili tena. Awe nani, awe nani."

Udereva huo ndio uliokuwa unalisha watoto wanne wa Raimundi. Na kuigusa, ameigusa!

Ilianza aliporudi kutoka msiba wa baba yake mkubwa kule Chita. Aliliona gari jepesi, akadhani ni mikono yake iliyopumzika. Tamaa ikamwingia: je, likiongezwa kidogo? Akalipeleka kwa Zakayo, fundi wa Kibaoni anayeongeza magari nguvu kwa laptopu. Zakayo alichomeka waya, akatazama, akacheka peke yake, akamaliza kwa dakika mbili na kupokea hela yake. Raimundi hakuona tofauti yoyote, lakini hela ilishatoka mfukoni, kwa hiyo akajilazimisha kuona gari linaruka.

Zakayo si mtu wa kusema. Tatizo lilikuwa Padri Amedeus, ambaye siku ile alikuwa ng'ambo ya barabara na alimwona Raimundi akitoka kwa fundi. Padri hakuuliza kitu. Aligeuza uso upesi, akashika njia yake.

Lakini Jumatatu, fundi wa kampuni akija kulikagua gari, ataulizwa. Raimundi alikesha akiwaza, mpaka akili ikamjia: akiungama, padri atafungwa na siri ya kitubio, na siri hiyo haifunguliwi hata na askofu. Akajipongeza kitandani.

Zamu yake ilipofika alipiga magoti.

"Unibariki Padri, kwani nimekosa. Nimeichezea injini ya pikapu. Kwa Zakayo. Mwishoni mwa mwezi wa sita."

Ng'ambo ya pazia la kitubio kikaja kikohozi.

"Umesema Zakayo?"

"Ndiyo, baba."

"Na huyo Zakayo... hakukwambia kitu?"

"Aniambie nini, baba?"

"Basi, basi. Mwanangu, kuna watu wana vigango vitatu vya kuwahi kila Jumapili, barabara yenyewe tope tupu. Mungu anaelewa."

Raimundi alisubiri malipizi kwa hofu. Mwaka jana tu, kwa kumtukana mbuzi aliyelala barabarani, alipewa rozari nzima.

"Salamu Maria kumi," alisema padri. Akatafakari. "Hapana. Tatu zinatosha. Tusiumizane."

Raimundi alitoka akitembea kama aliyetua gunia la mpunga. Alizisali zote tatu kabla hajafika mlangoni.

Jumatatu asubuhi fundi wa kampuni alifika kutoka Dar es Salaam. Alikuwa binti mmoja mwembamba, jina lake Nelly, aliyewaamkia wazee shikamoo mmoja baada ya mwingine kabla ya kufungua boneti. Alichomeka kifaa chake ndani ya gari, na wote wakasubiri.

Mama Balbina hakuwa na subira.

"Raimundi, umeigusa injini hii?"

"Mama, mimi ni dereva tu," alisema Raimundi.

"Baba Paroko, na wewe je? Unajua lolote?"

Padri Amedeus alitazama viatu vyake. Midomo ilimcheza, lakini neno halikutoka. Raimundi nusura amkumbatie. Huyu ndiye padri! Siri inamchoma roho na bado ameibeba!

Nelly aliinua kichwa.

"Imeguswa," alisema. "Waranti hapa hakuna, poleni sana."

Raimundi aliwaona akilini watoto wake wanne, mmoja mmoja.

"Kifaa kinaonyesha na siku," Nelly aliendelea. "Imeguswa mara moja tu tangu itoke kiwandani. Tarehe tano mwezi wa sita, saa nne asubuhi."

Raimundi alikuwa ameshafungua mdomo kukiri hadharani. Akaufunga.

"Tarehe tano?" Mama Balbina alikunja uso. "Si ndiyo siku mliyomzika baba yako mkubwa? Rambirambi nilituma mwenyewe."

"Ndiyo siku yenyewe, mama. Nilikaa Chita wiki nzima."

"Na gari ulimwachia nani?"

Padri Amedeus alikohoa, akamshika Raimundi mkono na kumvuta pembeni, hadi nyuma ya pikapu.

"Raimundi," alinong'ona, "hivi yule padri wa Mang'ula huwa anaungamisha saa ngapi?"