Siku Tisini za Mwandawiro

Mgonjwa wa kiharusi alipewa siku tisini tu. Mkanda aliovaa mkononi ulipeleka kila zoezi lake kwa daktari wa viungo aliyekuwa mbali, na asiyeonyesha nafuu alihamishiwa makao ya wasiopona, asirudi tena nyumbani.

Wiki ya kwanza Mghoi alimtazama mumewe, Mwandawiro, akihangaika kuuinua mkono wa kushoto. Haukutoka hata mapajani. Mghoi akaingiwa na hofu. Mkanda haukuwa na macho, kwa hiyo alimvua, akauvaa yeye.

Kila asubuhi alinyoosha, akakunja, akainua, huku mumewe akimtazama kutoka kitini. Mwanzoni alijifanya mzito, kisha akaongeza nguvu kidogo kidogo.

"Safi sana, Baba Wakesho," sauti ya daktari ilimsifu kutoka mkandani, ikidhani ni Mwandawiro.

Siku ya tisini mkanda ulifunguka wenyewe. "Hongera, Baba Wakesho, umepona. Faili lako tumelifunga, na likishafungwa halifunguliwi tena."

Mghoi alikaa chini akalia kwa furaha. Hakuna ambaye angemchukua mume wake sasa.

Ndipo alipoona midomo ya Mwandawiro ikicheza. Tangu augue hakuwa ametamka neno. Mghoi akasogea, akamfuta udenda, akatega sikio.

"Mimi," alisema kwa shida, macho yake kwenye mkanda. "Mimi naanza lini?"

Mghoi aliubonyeza mkanda, akaubonyeza tena. Ulikuwa kimya. Akaushika mkono wa mumewe, akauinua hadi begani, akahesabu moja, akauachia. Ukaanguka.