Damu ya Masunga

Zamu ya hadubini ilipomfikia, Nyanjige aliweka tone la damu yake chini ya lenzi. Mhadhiri alikuwa ameshaeleza: damu ikichanganywa na dawa waliyopewa, chembe zenye kasoro ya selimundu hujikunja. Za Nyanjige zilijikunja. Hakushtuka sana. Mdogo wake alikufa kwa ugonjwa huo, akilia kwamba mifupa inamuuma, na tangu hapo alijua kwamba wazazi wao, wote wawili, waliibeba kasoro hiyo bila kuugua, na mdogo wake akairithi kutoka kwa wote.

"Basi niangalizie na yangu," Masunga alimwambia, akimpa kipande chake cha kioo. Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Harusi ilisubiri wamalize chuo tu.

Nyanjige akainama. Mwanzoni aliona chembe za duara, zimetulia. Kisha moja ikajikunja, na nyingine, na nyingine. Katikati ya kelele za maabara akasikia mtoto analia. Akageuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Zikoje?"

"Hebu ngoja kwanza," alisema, mkono wake ukiwa bado umeishika hadubini.

Masunga akacheka, akamsogeza taratibu kwa bega. "Nipishe nione mwenyewe." Akainamisha kichwa, na mwanga wa hadubini ukamjaa jichoni.